Damu ya Kitanda cha Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Agripina alitoka chumba cha kuzalishia amebeba mtoto wa watu kwenye khanga, na kitu cha kwanza alichokiona wodini ni mfuko wa damu unaning'inia juu ya kitanda cha tatu. Yeye hakuutundika. Chini ya mfuko ule Tekla alikuwa anatetemeka mpaka chuma cha kitanda kinagonga ukuta.

Alimweka mtoto kitanda cha jirani, akafunga mrija, akachomoa sindano, akaita watu. Wakaja. Dawa zikachomwa, kifua kikasukumwa, na saa nne na dakika thelathini na tano Tekla akafa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwanawe wa siku mbili alikuwa mikononi mwa wifi yake, Ludovika, anatafuta ziwa.

Ndipo Agripina akasoma karatasi ya kwenye mfuko: Tekla, kundi A, kitanda cha tano. Maana wodini walikuwamo akina Tekla wawili. Wa kitanda cha tano, mkulima wa Masakta, kundi lake A. Huyu wa kitanda cha tatu, Mbarbaig wa bondeni, kundi lake O. Mtu wa kundi O ukimpa damu ya A umemuua, na hilo hata mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza analijua.

Saa tano kamili Agripina mwenyewe alikuwa amefungiwa ndani ya chumba cha mashuka.

Kituo cha afya cha Endamaro kiko juu, ukishapita Gitting, mahali ambapo mvua ya Aprili ikiamua barabara imefungwa, basi imefungwa. Siku hiyo iliamua. Korongo lilijaa tangu alfajiri na gari la polisi la Katesh halikuweza kuvuka. Aliyefika ni Sajenti Joakimu Akonaay wa kituo kidogo cha kata, kwa pikipiki, buti zote matope. Mwiraqw wa Tumati huyo, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema polepole. Alisema mtuhumiwa akae humo mpaka gari lije. Nje, chini ya upenu, wanaume wa ukoo wa marehemu walikuwa wamekaa na fimbo zao magotini, hawasemi kitu. Heri wangepiga kelele.

Kwa nini mtuhumiwa awe Agripina? Kwanza, fomu ya kuongezewa damu ilikuwa na saini yake. Pili, yeye alikuwa mtu wa wakala.

Hapo lazima nieleze. Kituo kilitakiwa kuwa na wauguzi ishirini na wawili, kilikuwa na sita. Halmashauri ikaziba pengo kwa wakala wa Arusha, anayeleta wauguzi wa miezi mitatu mitatu kama mtu anayekodi viti vya harusi. Agripina, binti wa Muleba, alikuwa na mwezi wa pili. Vyeti vyake halisi vilibaki kabatini kwa wakala, kwa usalama, walisema. Usalama wa nani, hawakusema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Agripina alipewa jembe saa ileile aliyoshuka kwenye basi, akaachiwa wodi na chumba cha kuzalishia, peke yake.

Umeme ulikuwa umekatika na ofisini giza, kwa hiyo Sajenti aliweka meza barazani, mbele kabisa ya dirisha la chumba cha mashuka. Dirisha lina nondo na vioo viwili vimevunjika. Agripina alisimama kati ya marundo ya mashuka na kusikia kila neno.

Alianza na yeye, akimpitishia fomu katikati ya nondo.

"Hii saini ni yako?"

"Yangu, afande."

"Isome yote, binti. Usiharakishe."

Akaisoma. Herufi zote kubwa, kama fomu zinavyotaka. Damu imeanza saa tatu na dakika arobaini. Kundi limehakikiwa. Kitanda kimehakikiwa. Halafu mstari wa mwisho: jina kamili limetajwa na mgonjwa mwenyewe, Tekla Gidabarda. Chini yake saini, na tarehe ya leo.

"Saa tatu na arobaini nilikuwa nazalisha," alisema. "Mtoto ametoka saa tatu na hamsini na tano."

"Mama yake anasema ulitoka mara moja kabla mtoto hajaja."

"Nilifuata kibanio cha kitovu. Kabati liko mlangoni pa wodi. Sikukaa hata dakika moja."

"Dakika moja inatosha kutundika mfuko?"

"Haitoshi, afande. Kuhakiki peke yake ni dakika tano, tena wawe watu wawili."

"Basi saini yako imefikaje hapa?"

Agripina akaitazama tena saini yake. Jibu alikuwa nalo. Kila asubuhi saa moja na nusu watu wa wakala walipita ofisini kwa mganga mfawidhi, Daktari Alfredi, wakasaini fomu kumi tupu, zenye tarehe tu. Wao hawakuwa na namba ya kuingilia kwenye kompyuta ya kituo, na daktari alisema hataki kumtuma mtu kila saa awatafute wasaini. Msipotaka, alisema, namwambia wakala alete wengine. Agripina alisaini siku ya kwanza kwa kusitasita. Kufika wiki ya pili alikuwa anasaini huku anapiga miayo.

Muuguzi anayesaini fomu tupu, baraza la wauguzi linamnyang'anya leseni. Kwa hiyo akiikubali saini, ameua. Akisema ukweli, kazi aliyosomeshwa kwa kahawa ya mama yake imekwisha. Mlango wa kutokea ulikuwa wapi? Hakuuona.

"Sijui," alisema. Sajenti alimtazama kidogo, akachukua fomu yake.

Simu aliachiwa. Akampigia msimamizi wa wakala, na yule akapokea haraka mno.

"Agripina, taarifa tunayo. Soma kipengele cha tisa cha mkataba. Makosa ya kitaaluma ni ya muuguzi mwenyewe."

"Mimi sijafanya kosa, kaka. Nifanyie mpango wa mwanasheria."

"Mbadala wako ameshapangwa, barabara ikifunguka anakuja. Na tafadhali, jina la ofisi lisitajwe huko."

Simu ikakatwa. Agripina akakaa juu ya rundo la mashuka na kulia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimkasirikia msimamizi, akajikasirikia na yeye mwenyewe.

Barazani aliitwa Yonas, mtu wa maabara, ambaye Agripina alikuwa ameshaanza kumshuku. Kama maabara ilichanganya damu, mambo yote yangekuwa mepesi.

"Mifuko mingapi ilitoka kwako leo?" Sajenti aliuliza.

"Miwili. Mmoja O, mmoja A. Yote nimeandika majina, kundi na kitanda. Ule wa O bado upo, hakuna aliyeuchukua."

"Wa A alichukua nani?"

Yonas alikohoa. "Afande, sisi hapa mfuko ukiwa tayari tunauweka kwenye kidirisha, tunagonga kengele, tunarudi kwenye darubini. Niligonga saa tatu na nusu. Mkono uliochukua sikuuona."

"Huo ndio utaratibu?"

"Ndiyo mazoea. Niko peke yangu, afande. Mke wangu mwenyewe ananiambia nimeoa maabara."

"Mkeo wa wapi?"

"Wa hapahapa bondeni, Mbarbaig. Mwaka wa nne huu, na bado anamwita baba yangu 'yule mzee'."

Sajenti alitabasamu kidogo akaandika. Karatasi ya kwenye mfuko ilikuwa sahihi, kundi sahihi, kitanda sahihi. Maabara haikukosea. Agripina aliona tumaini lake la kwanza linakwenda.

Akaitwa Sista Sara. Huyu alikuwa na miaka kumi na minane Endamaro, na tangu siku ya kwanza hakuficha kwamba watu wa wakala hawapendi. Agripina akimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anaangalia pembeni. Alikuwa anaweza kuingia wodini wakati wowote. Kumtupia mgeni mzigo wake kusingemkosesha usingizi, ndivyo Agripina alivyodhani.

"Mimi nilikuwa kliniki ya watoto, pale nje kwenye mzani," Sara alisema. "Saa tatu mpaka saa nne na robo. Akina mama hamsini na mbili, waulize wote."

"Huyu binti unamwonaje?"

"Simpendi." Sara alisema bila kupepesa. "Wanakuja miezi mitatu wanaondoka, sisi ndio tunabaki na aibu zao. Tunaomba wa kudumu, tunaletewa wa kupita. Lakini kama unaniuliza kazi, afande, kazi anaijua. Nimemwona anasoma karatasi ya dripu mara mbili. Sielewi leo ilikuwaje."

Mashahidi hamsini na wawili. Na sifa juu yake, kutoka mdomo ule! Agripina akajifuta uso kwa ncha ya shuka.

Daktari Alfredi alikuja wa tatu, koti jeupe limepigwa pasi. Mtu wa Moshi, mwaka wa sita Hanang.

"Nimesikitika sana," alisema. "Lakini ndiyo matokeo ya wafanyakazi wa muda. Mimi nilikuwa najiandaa kupokea wakaguzi wa mkoa, wafike saa tano. Nilimwachia wodi."

"Wakaguzi wamefika?"

"Wamekwama ng'ambo ya korongo."

"Wodini uliingia?"

"Nilipita tu. Afande, saini ipo, sioni kwa nini tunazunguka."

Saa nane mchana mvua ilipungua. Askari mgambo alikuja kusema maji ya korongo yanashuka, saa kumi gari litavuka. Yalibaki masaa mawili, basi. Baada ya hapo ni Katesh, mahabusu, na kesi ya mtu asiye na wakili wala mwajiri.

Ludovika alikuja dirishani na mtoto mgongoni. Agripina alirudi nyuma, akidhani amekuja kumtukana. Yule mama alisimama tu akimwangalia.

"Ulimpa wewe?" aliuliza.

"Hapana, mama. Naapa."

"Nilikwenda jikoni kuchukua uji. Niliporudi ile damu ilikuwa inaingia. Nikamuuliza nani ameweka, akasema ameulizwa tu 'wewe ndiye Tekla?', akaitika. Baridi ilikuwa imeshaanza kumkamata, hakusema tena."

"Tekla tu? Hakuulizwa Tekla nani?"

"Angeulizwa angejibu nini? Mimi sikuwepo."

Jibu hilo Agripina alilishangaa, halafu akakumbuka Jumapili. Alipompokea Tekla alimuuliza jina lote, na Tekla akageuza uso ukutani. Ludovika ndiye aliyetaja, akatoa na kadi ya bima ya kaya. Wakati ule Agripina alidhani ni uchungu.

"Mama, kwa nini Jumapili alikaa kimya mpaka ukamjibia wewe?"

Ludovika alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini ng'ombe ana pembe. "Gidabarda ni baba yangu. Kwake yeye ni mkwe. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la mkwe wake. Hata neno linalofanana nalo analikwepa, anatafuta lingine."

"Hata akiwa na uchungu? Hata hospitali?"

"Hata kaburini. Kubatizwa tumebatizwa, lakini hilo halikubatizwa. Tekla hajatamka jina hilo tangu aolewe."

Agripina akashika nondo. Jina kamili limetajwa na mgonjwa mwenyewe. Aliyeandika mstari ule aliutoa kwenye kadi, na hakujua kwamba ameandika jambo lisilowezekana. Sasa nani Endamaro hajui? Sara ameishi na Wabarbaig miaka yote hiyo na lugha yao anaiongea. Yonas analala nyumba moja na mwiko huo, na kila siku anasikia baba yake akiitwa yule mzee. Isitoshe fomu zilizosainiwa hukaa kwenye droo moja tu, ofisini kwa daktari, na ufunguo wa droo hiyo anao mtu mmoja tu.

Alijua. Lakini mstari peke yake daktari angeukana, angesema Agripina ndiye aliyeujaza, mgeni wa Muleba ataijuaje mila ya Hanang? Ingebidi droo ifunguliwe. Na kumwambia Sajenti afungue droo ni kumwambia kilichomo.

Alimfikiria mama yake na miche ya kahawa. Aliogopa, nisiseme uongo. Mtoto mgongoni kwa Ludovika akaanza kulia kwa njaa, kile kilio chembamba cha siku mbili.

"Niitie Sajenti," Agripina alisema.

Alimweleza yote, mpaka zile fomu tupu. Sajenti alisikiliza ameegemea nondo.

"Unajua ulichosema kitakupeleka wapi?"

"Baraza la wauguzi. Najua."

"Ungekaa kimya kuhusu hizo fomu."

"Nikikaa kimya, droo hutaifungua. Lakini kwanza naomba umuulize swali moja mbele ya watu wote. Muulize kama Tekla alihakikiwa jina. Usiseme zaidi."

Saa tisa kasorobo walikuwa barazani wote: Yonas, Sara, Daktari Alfredi, Ludovika na mtoto, Agripina ametolewa na kusimamishwa kando ya mlango.

"Daktari," Sajenti alianza, taratibu kama mtu anayehesabu mbuzi. "Kuna kitu kinanisumbua. Binti anasema Tekla hakuulizwa jina. Ikiwa hakuulizwa, basi kituo kizima kina uzembe, na mkoa watataka kujua."

"Aliulizwa," Alfredi alisema haraka.

"Umejuaje?"

"Nilikuwa napita mlangoni. Nimemwona muuguzi na mfuko mkononi. Akamuuliza jina, nikasikia kwa masikio yangu."

"Mgonjwa akajibu?"

"Vizuri kabisa. Kwa sauti. 'Tekla Gidabarda.'"

 Sara aligeuza kichwa polepole, akamtazama bosi wake wa miaka sita. Yonas akainamisha macho. Daktari alitazama huku na huku, na ilionekana wazi kwamba hajui amekosea wapi.

"Unasema uongo," Ludovika alisema.

"Mama, una uchungu, naelewa..."

"Sista," Sajenti alimwambia Sara, "mweleze bosi wako."

"Daktari," Sara alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mke wa Kibarbaig hatamki jina la baba mkwe. Miaka kumi na minane nawauliza wifi zao na dada zao. Siku moja tu ungeuliza mgonjwa jina, ungejua."

"Njia ya mwongo ni fupi," Sajenti alisema. "Naomba ufunguo wa droo."

Ndani ya droo zilikuwamo fomu tisa, tupu, zote na saini ya Agripina na tarehe ya siku hiyo. Sajenti alizipanga mezani, na ile ya kumi, ya Tekla, akaiweka pembeni yake. Alfredi akakaa kwenye benchi la wagonjwa bila kuambiwa.

"Mkaguzi angekuta damu mbili zimeagizwa asubuhi na hakuna iliyotundikwa," alisema hatimaye. "Nyota za ubora wa kituo zingeshuka. Miaka sita naandika barua ya uhamisho, afande. Mke wangu yuko Moshi, watoto wananiita kwenye simu tu. Waliniambia nikipata nyota tatu ninaondoka. Kengele ililia, hakuna aliyekwenda. Nikachukua mfuko mwenyewe. Nikauliza Tekla, akaitika Tekla. Sikujua wako wawili."

"Imeandikwa kitanda cha tano."

"Sikusoma." Akafunika uso. "Nilipoona anatetemeka nilikimbilia ofisini. Badala ya dawa nikachukua fomu."

Halafu akamwinulia Agripina macho mekundu. "Na wewe. Ungekataa kusaini hata siku moja, nisingethubutu. Nisingekuwa na mahali pa kujificha."

 Neno hilo lilikuwa kweli, na Agripina alijua atalala nalo siku nyingi.

Gari lilivuka saa kumi na robo. Walimchukua Alfredi, wakachukua na fomu zote kumi. Wazee wa ukoo walisimama wakampisha njia, fimbo chini. Sajenti alimwambia Agripina asitoke kata hiyo mpaka baraza limwite, inaweza kuwa miezi. Dakika chache baadaye ujumbe wa wakala ukaingia: mkataba umesitishwa leo, nyumba ya watumishi irudishwe kabla ya jua kuzama.

Sara aliusoma juu ya bega lake, akafyonya.

"Leta begi lako kwangu," alisema. "Halafu njoo wodini tuhakiki damu ya kitanda cha tano. Baraza halijakuita bado, na mimi sina mtu."

Wodini Ludovika alikuwa anakunja nguo za marehemu. Mtoto alikuwa amelala, ameshiba maziwa ya mama wa Masakta, yule Tekla mwingine, aliyeomba mwenyewe apewe amnyonyeshe.

"Utarudi kwenu?" Ludovika aliuliza bila kugeuka.

"Vyeti vyangu viko Arusha, maelezo yangu yako Katesh. Siendi popote, mama."

Ludovika alifunga fundo la nguo, akalikaza kwa meno.

"Basi kaa," alisema. "Huyu ana sindano ya wiki ya sita. Nikimleta, nataka umchome wewe."